Asante ya Baba Aikande

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba ninaogopa, ila yenyewe haipendi kutajwa bila kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu nikiwa kijana. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko za majirani zetu wote, na ina Baraza la Heshima ya Madaktari.

Baraza hili ndilo linalosimamia madaktari wetu, na tangu liundwe halijamkuta daktari hata mmoja na kosa. Wageni wakisikia hivyo huguna. Wivu tu. Kwao huko madaktari hunyang'anywa leseni, hufungwa, huandikwa magazetini, aibu tupu. Kwetu daktari anasoma akiwa msafi, anatibu akiwa msafi na anastaafu msafi pamoja na nyumba zake. Mwenyekiti wa Baraza ni daktari. Wajumbe ni madaktari. Msajili ni mkwe wa daktari. Wenye midomo husema hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere, nami huwauliza, mlitaka apelekewe nani, fundi baiskeli?

Wananchi nasi tuna sifa yetu: tunajua kushukuru. Mtu akifa kwetu, akishazikwa, mwenye msiba husimama kutoa neno la shukrani. Hushukuru majirani, hushukuru kwaya, waliochimba, waliopika, mwenye turubai, na lazima amshukuru daktari. "Yeye na wauguzi walifanya kila waliloweza, lakini Mungu alimpenda zaidi." Maneno hayo tunayajua kama sala. Huyasemi kwa sababu umechunguza kitu. Unayasema kwa sababu watu wamesimama juani kwa ajili yako na adabu ni adabu. Hata marehemu angekuwa ameangukiwa na jenereta la hospitali, daktari angeshukuriwa.

Baraza likaona mbali. Likasema, kama wananchi wanashukuru hadharani, kuna haja gani ya kukagua mahospitali? Likatuma watu wenye vinasa sauti kwenye mazishi ya nchi nzima, na kila mwaka daktari aliyeshukuriwa zaidi akawa anavishwa Nishani ya Asante. Na kwa kuwa daktari hushukuriwa makaburini, sitaki kukuchosha kueleza ni daktari wa namna gani aliyekuwa akiipata.

Aliipata Dokta Ngulamba wa wilaya yetu ya Mbembele. Akaipata tena. Mwisho wakaona wamwachie tu akae nayo.

*

Dokta Ngulamba alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya wilaya, na ng'ambo ya barabara alikuwa na kliniki yake mwenyewe, Kliniki ya Neema. Hospitali ilikuwa na wagonjwa lakini haina dawa. Kliniki ilikuwa na dawa. Katikati palikuwa na barabara, na Dokta alikuwa mtu wa kuvuka barabara. Waziri alipokuja kuizindua kliniki alituambia huo unaitwa ubia, tukapiga makofi.

Kwenye msiba wowote wa Mbembele ungemkuta amekaa kiti cha mbele, suti nyeusi, manukato yake yakitufikia hadi sisi wa nyuma. Hakukosa hata mmoja. Mama mzazi akifa leso anayo, mtoto akifa leso anayo. Tulikuwa tunasema, jamani daktari huyu ana utu.

Sasa jirani yangu mmoja alikuwa Mzee Elinaza, mfyatua matofali. Jina hilo hakuna aliyelitumia ila mtendaji wa kata. Sisi tulimwita Baba Aikande, kwa jina la binti yake wa kwanza, na mkewe Mama Aikande. Aikande mwenyewe alikuwa mwalimu wa chekechea, msichana wa kucheka kabla hujamaliza kusimulia kichekesho, kiasi kwamba ukimaliza unaona aibu maana kimeshachekwa. Mdogo wake aliitwa Nietiwe, mkimya, mwenye kumfuata dada yake kila aendako. Nyumba ile ilikuwa na watoto hao wawili tu, na wazazi wale walikuwa wanawapenda waziwazi, bila haya.

Aikande alipofika siku za kujifungua alipelekwa hospitali, na Dokta Ngulamba akasema atapasuliwa, na kwamba benki ya damu haina kitu, ndugu watoe. Basi wakajipanga. Mume wake akatoa, mashemeji wakatoa, na Baba Aikande akalala kitandani akakunja shati.

"Mzee, umri wako unaruhusu?" muuguzi akamuuliza.

"Chukua tu, mwanangu. Huyu damu ya kwanza nilimpa bila kuombwa. Hii ya pili itanishinda?"

Tukacheka wote pale kwenye benchi. Ilikuwa Jumatano, siku ile ilipoanguka mvua ya mawe ikatoboa mabati ya soko.

Alasiri Dokta akatoka chumba cha upasuaji, akavua kofia. "Tumepigana sana, mzee wangu," akasema. "Damu ilituishia." Mtoto naye hakupona.

Tulimzika Aikande na mwanawe katika sanduku moja. Mawingu yalikuwa yametanda, kwa hiyo siku ile shukrani zilitangulia kabla ya kuteremsha. Baba yake akasimama, akashukuru majirani, akashukuru kwaya, kisha akamgeukia Dokta pale mbele, akasema, "Na wewe Dokta wetu, asante sana. Ulifanya kila uliloweza." Dokta akapangusa jicho. Kijana wa kinasa sauti akabonyeza kitufe chake, akaondoka.

*

Msiba ulikuwa umeshapoa, na Nietiwe ameolewa mtaa wa pili na ana mimba yake ya kwanza, alipotokea mgeni. Nilikuwepo kwa jirani yangu siku hiyo, tunakunywa chai. Bwana mmoja mnene, mwenye mashine ya kupasua mbao huko mjini, jina lake Sangiwa, alishuka kwenye gari akivuta mbuzi dume kwa kamba, na kitenge kipya begani.

"Hodi hapa. Namtafuta Mzee Elinaza."

"Karibu. Ndiye mimi."

Yule bwana akamshika Baba Aikande mikono yote miwili, macho yamemlowa. "Mzee wangu, nimekutafuta sana. Nimekuja kukushukuru kwa damu."

"Damu gani, baba?"

"Nilikuwa na vidonda vya tumbo, vikapasuka. Nililazwa pale Kliniki ya Neema, nimeshakata tamaa kabisa. Dokta Ngulamba akaniambia nisihofu, damu ipo, ila ina gharama yake. Nikalipa. Nikalala chali kutwa nzima, sina pa kutazama ila ule mfuko uliokuwa unaning'inia juu yangu. Umeandikwa Elinaza wa Mbembele. Nimelisoma jina lako mpaka nikalikariri. Nikajiambia, nikipona, huyu mtu nitamtafuta nimpe mkono."

Baba Aikande akaweka kikombe chini. "Ilikuwa siku gani hiyo?"

"Ile Jumatano ya mvua ya mawe."

Mama Aikande alikuwa anapokea kile kitenge, akabaki amekishika hivyo hivyo, nusu mkononi mwake nusu mkononi mwa mgeni.

"Na ilikufaa?" Baba Aikande akauliza.

"Ilinifaa mno, mzee. Bila ile nisingekuwa hapa."

"Tumshukuru Mungu," akasema, maana ulimi umezoea. Kisha akainuka akaenda nyuma ya nyumba, na kutoka huko tulisikia sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mwanamume mzima, wala siombi kuisikia tena.

Bwana Sangiwa alipoelezwa alikaa chini, mchangani, na suti yake. Alilia kama mtoto. Tukawa na kazi ya kumbembeleza mgeni kwenye msiba wetu wenyewe, yeye akirudia, "Mimi sikujua, mama. Wallahi mimi sikujua." Na kweli hakujua. Mbuzi aliachwa pale, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumchinja.

*

Nisieleweke vibaya. Baba Aikande hakutaka kisasi. Alichotaka ni kitu kimoja, nacho ni kwamba Dokta Ngulamba asimguse Nietiwe.

Mtu atauliza, si angempeleka binti yake akajifungulie wilaya nyingine? Swali la mtu asiyejua maendeleo yetu. Tuna Agizo la Kila Mjamzito na Wilaya Yake, lililotolewa ili kukomesha utoro wa uzazi, kwa maana kina mama wa wilaya fulani walikuwa wanakimbilia hospitali za wengine na kuharibu takwimu. Ukikamatwa na mimba nje ya wilaya unarudishwa kwa gari la polisi, bure kabisa. Kwa hiyo Nietiwe angezaa Mbembele, na Mbembele mwenye kisu alikuwa mmoja. Njia iliyobaki ilikuwa kumwondoa huyo mwenye kisu kabla siku hazijafika.

Nikamsindikiza jirani yangu mji mkuu. Jengo la Baraza lina vioo, hata ukilia nje unajiona. Msajili, Bwana Ombeni, alitupokea kwa upole.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyekuwa mgonjwa?"

"Hapana, ni binti yangu."

"Basi aje yeye. Kanuni zinasema malalamiko huletwa na mgonjwa mwenyewe, asimame hapa, aseme anapoumwa."

"Amekufa, bwana."

Msajili akatabasamu kwa huruma. "Kwa hiyo kwa sasa haumwi."

Hata hivyo tuliketi pale kwenye ngazi siku baada ya siku, hadi wajumbe wakawa wanatukwepa kwa kupitia mlango wa jikoni, na hatimaye Baraza likakubali kutusikiliza kama wageni. Bwana Sangiwa alikuja kutoa ushahidi kwa gharama yake. Alieleza yote, mfuko, jina, Jumatano. Mwenyekiti, Profesa Lwambano, mzee mwenye sauti nzito ya kupendeza, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Sangiwa, ulipona?"

"Nilipona, mheshimiwa, lakini..."

"Andikeni, shahidi amekiri kupona. Hiyo ni asante nyingine kwa Dokta Ngulamba. Keti."

Kisha akasimama kuhutubia. "Ndugu wajumbe! Udaktari ni mti, heshima ndiyo mizizi yake. Ukichimba mizizi ili uone kama mti ni mzima, mti utakauka, na hapo utakuwa umeona nini? Leo tunaambiwa Dokta Ngulamba alikosea. Nani anasema? Ni huyu huyu mzee! Msajili, hebu tufungulie."

Msajili akabonyeza. Chumba kizima kikajaa sauti ya Baba Aikande, ya siku ile, inatetemeka: "Na wewe Dokta wetu, asante sana. Ulifanya kila uliloweza." Nyuma yake kwaya inaimba kwa chini, na nyuma ya kwaya anasikika mwanamke akiita Aikande, Aikande, Aikande. Ni mkewe. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Jirani yangu akaziba masikio.

"Ile ni adabu tu, waheshimiwa," akasema alipoweza. "Kwetu ndivyo tunavyosema. Hata wewe baba, ukifiwa, utasema hivyo. Sikuwa najua."

"Asante haina kujua wala kutojua. Ukishaitoa imetoka. Maji yakimwagika hayazoleki."

Hapo Baba Aikande akapiga magoti. Mzee wa heshima zake, mbele ya watu aliowazidi umri. "Sitaki afungwe. Mwacheni na nishani yake. Ninaye binti mwingine, amekaribia. Mwambieni tu asimguse. Jamani, ninyi hamna watoto?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na nadhani kati ya wale wajumbe walikuwemo wazazi, kwa sababu wakanong'onezana, wakafunua vitabu, na Profesa akarudi na uso wa mtu aliyebeba zawadi.

"Sheria yetu ina moyo. Ipo Kanuni ya Kutengua Asante, haijatumika tangu itungwe, lakini ipo. Asante hutenguliwa kwa namna ile ile ilivyotolewa. Mahali pale pale. Mbele ya watu wale wale. Baraza tutakuja kushuhudia. Mzee, ulipotoa asante, marehemu alikuwepo?"

"Ndipo tulikuwa tunamzika, mheshimiwa."

"Alikuwa juu ya ardhi, au chini?"

Baba Aikande hakuelewa. Mimi nilielewa mapema kidogo, nikatamani nisingekuwa naelewa lugha yetu.

"Juu," akasema. "Tulikuwa hatujamteremsha."

"Basi itabidi arudi juu," alisema Profesa Lwambano. "Kwa dakika chache tu."

*

Nyumbani jambo lile lilijadiliwa siku nyingi. Mama Aikande alisema hapana. "Nimemzika mara moja. Sina nguvu ya mara ya pili. Nendeni mkamchimbe nikiwa nimekufa mimi." Mchungaji alisema hajui aseme nini, na hilo lilikuwa jambo la kweli kuliko yote niliyopata kumsikia akisema.

Nietiwe alikuja na tumbo lake, akakaa miguuni pa baba yake. "Baba, mwache dada alale. Mimi nitazaa salama. Si kila mtu anakufa pale."

"Wengi, mwanangu."

"Nitaomba Mungu."

"Dada yako naye aliomba."

Mama Aikande alikuwa anachambua mchele. Akaacha. Aliongea bila kututazama, kama anaongea na ungo. "Walipokuwa wadogo walikuwa na kitanda kimoja. Aikande alikuwa anawahi kulala, anakimaliza chote. Nikija na huyu mikononi namgusa yule begani, namwambia, mama, sogea mdogo wako apite. Anasogea, hata macho hafumbui. Hakuwahi kununa hata siku moja." Akapangusa pua kwa upindo wa kanga. "Nendeni mkamwamshe. Atasogea."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa.

*

Baraza lilikuja na magari, turubai, maji ya chupa na bendera. Sharti lilikuwa watu wale wale, kwa hiyo mtendaji aliita majina ya wote waliohudhuria mazishi ya kwanza, na Mbembele nzima ilikuwa makaburini, waume kwa wake, vijana kwa wazee. Mmoja wetu, Mzee Kirita, alikuwa ameshafariki tangu wakati ule. Baraza lilijadili kwa kirefu kama naye afukuliwe ili akidi itimie, hadi mjumbe mmoja mwenye busara akapendekeza ahesabiwe kuwa yupo, kwa kuwa kaburi lake lilikuwa karibu na angesikia.

Dokta Ngulamba aliombwa aje kama mshukuriwa. Akatuma udhuru kwamba ana zamu hospitalini, na wagonjwa kwanza. Profesa Lwambano alitusomea udhuru ule kwa sauti ya kuguswa. Nietiwe hakuja, kwa sababu kwetu mjamzito hakanyagi makaburini. Aliachwa nyumbani na mama mkwe wake.

Wimbo wa taifa uliimbwa beti zote. Jua likapanda. Kisha vijana wakaanza kuchimba, polepole, kwa adabu, kama mtu anayefunua shuka la aliyelala. Shimo likazidi kwenda chini. Kisha jembe likagonga mbao.

Mama Aikande akasema, "Pole, mwanangu. Ni mimi."

Wakaufuta udongo juu ya sanduku kwa mikono, wakatia kamba za kulipandisha. Baba Aikande akasogea ukingoni, mdomo wazi, maneno yake matatu yako tayari: naitengua asante yangu. Alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu asubuhi. Lakini Profesa akainua mkono.

"Kabla ya tendo hili la kihistoria," akasema, "Baraza lina maneno machache."

Alitueleza asili ya heshima. Alitueleza safari yake ya masomo ng'ambo, na baridi ya huko, na jinsi alivyokula mkate mkavu kwa ajili yetu. Alifika kwenye mti na mizizi. Sisi tulisimama, wote wazima, wenye damu miilini mwetu, tukisikiliza. Sanduku la Aikande linapigwa na jua. Hakuna aliyethubutu kumkatisha, kwa kuwa tumelelewa vizuri.

Gari la wagonjwa lilikuja kwa kasi mpaka ndani ya makaburi. Dereva akashuka, akatutazama tulivyo wengi, akashika kichwa.

"Jamani, mko huku wote?" akasema. "Tumezunguka mtaa mzima tunatafuta hata mtu mmoja wa kutoa damu. Nyumba zimefungwa, ni bibi vizee watupu. Dokta ameshampasua. Damu ya kliniki amesema ina wenyewe." Kisha akamwona Baba Aikande ukingoni mwa shimo, sauti yake ikashuka. "Baba, ni Nietiwe. Mtoto yuko hai. Wa kike. Lakini Nietiwe... nisamehe, baba."

Hapa mwandishi wa hadithi kama hii hutakiwa kutia kichekesho. Sina. Nilisimama pale nikamwona jirani yangu anamtazama binti yake mmoja ndani ya shimo, huku anasikiliza habari za mwingine, na sikujua macho yangu niyapeleke wapi. Mama Aikande alikaa chini juu ya rundo la udongo. Hakulia. Aliuliza tu, "Alikuwa peke yake?"

Profesa Lwambano alikunja karatasi zake. Alitangaza kwamba shauri limeahirishwa kwa kuwa ratiba imeingiliwa, na kwamba Baraza linampongeza Dokta Ngulamba, ambaye imethibitika kweli alikuwa kazini. Wakaondoka na turubai lao.

*

Kaburi la Nietiwe lilichimbwa ubavuni mwa lile la dada yake, ambaye tulikuwa tumemfukia tena. Vijana wale wale, majembe yale yale. Dokta Ngulamba alikuja, akakaa kiti cha mbele, suti nyeusi, leso mkononi. Profesa alituma mwakilishi. Kijana wa kinasa sauti alikuwepo.

Tukaimba, tukamteremsha, tukamfukia. Mwendesha ratiba akatazama karatasi yake, akasita, lakini kazi ni kazi. "Sasa ni wakati wa neno la shukrani kutoka kwa familia."

Baba Aikande akasimama. Mjukuu wake alikuwa mikononi mwake, amezungushiwa kitenge kile cha Sangiwa, maana hapakuwa na nguo nyingine mpya ndani ya nyumba. Akatutazama mmoja mmoja. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akakaa.

Na kwetu watu hawaondoki makaburini kabla ya neno hilo. Hakuna sheria, hakuna aliyeiandika, ila hujapata kuona mtu akiondoka. Kwa hiyo tukangoja. Mwendesha ratiba akakohoa, akarudia, "Neno la shukrani." Mwakilishi wa Profesa akajitolea kulisema kwa niaba ya familia, akaambiwa na kina mama waliokuwa karibu naye, bila matusi, kwamba akae. Jua likashuka kidogo. Dokta alitazama saa, akainuka nusu, akaona hakuna mwingine aliyeinuka, akakaa. Leso ile akawa anajipepea nayo. Kisha akainuka tena.

Hatimaye akamwendea Baba Aikande, akainama, sauti ya upole ile ile ya mlango wa upasuaji. "Mzee wangu, watu wamechoka. Kuna wazee hapa, kuna watoto. Sema neno moja tu, kama kawaida, twende nyumbani."

Baba Aikande akainua uso. Hakuwa na hasira. Natamani angekuwa nayo, ningelala vizuri zaidi siku hizi.

"Dokta," akasema, "nilikupa damu yangu, ukaipokea. Nikakupa asante yangu, ukaipokea. Nikakupa watoto wangu, wote wawili. Nitazame. Nina nini tena cha kukupa?"

Dokta akatazama mikono ya mzee, na mle mikononi akamwona mtoto. Baba Aikande naye akaona anachotazama. Akamfunika yule mtoto kwa koti lake, taratibu, mpaka usoni, akamgeuzia Dokta mgongo.

Mtoto akaanza kulia. Tulikuwa wengi pale, Mbembele nzima, na hakuna aliyeinuka.